Mtu wa Kumi

Mpwa wangu Tobías,

Marabi wa Buenos Aires hawathubutu kuhubiri kabla hawajaniuliza mimi, na huwa nawajibu huku nakamua ng'ombe. Hapa Entre Ríos sote wazima, ila Marcos fundi saa tumemzika. Tumebaki wanaume tisa, na bila kumi hatufungui gombo la Torati.

Kwa hiyo somo la Jumamosi nililisoma peke yangu jikoni. Abrahamu anaondoka kwao, na wote humsifu. Mimi nimepiga hesabu: Tera, baba yake, aliishi miaka sitini zaidi kule Harani, na hakuna aya inayosema kama alitembelewa.

Kabla ya hapo, asubuhi ile kwenye sinagogi, niliwadanganya wenzangu kwamba umefika Ijumaa, umelala kwa uchovu wa safari.

"Naúm, mpwa wako amelala au amezimia?" akauliza mzee Isaak.

"Mwacheni, watu wa mjini huchelewa kuamka."

Wakasubiri mpaka saa sita, kisha wakakunja shali zao za sala. Njoo, mwanangu, hata Jumamosi moja.

Uongo niliutunga mwenyewe, lakini niliporudi nyumbani nilifungua mlango polepole, nisije nikakuamsha.

Mjomba wako,
Naúm