Papa Bila Tiketi

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya kung'ata. Maji ya ndoo kama yametoka kwenye friji. Nimenawa uso tu, nikaenda kazini.

Kipindi changu cha redio kimeenda vizuri. Habari za wasanii: yule mwimbaji wa Kinshasa amerudiana tena na mchumba wake. Mara ya ngapi sijui, nadhani hata wao hawajui. Je, Wajua: pweza ana mioyo mitatu. Didier, fundi wetu wa mitambo, akasema nyuma ya kioo kwamba yeye huo mmoja tu unamshinda. Shauri la leo: mama mmoja wa Katuba, wakwe zake hawamsalimii. Nikamwambia awajue kwanza. Aulize desturi za nyumba yao, ndipo afungue mdomo. Naongea vizuri mimi! Kidogo nijipigie makofi.

Nilipotoka studio, bipu ya Odette, mdogo wangu anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. Simu inalia mara moja, anakata. Maana yake: yaya, nimekusikia. Redio yake ndogo inakaa juu ya cherehani, anashona huku ananisikiliza. Hajawahi kukosa.

Mdogo wangu anaolewa. Jumamosi ya tarehe 19 wanaleta mahari. Mama alipofariki niliapa kwamba siku hiyo nitamtoa mimi mwenyewe. Dada mkubwa ndiye anayefunika wasichana kwa vitenge, anawapitisha mmoja mmoja mbele ya wageni na kuwauliza, ni huyu? Ni huyu? Mpaka bwana harusi atokwe na jasho. Maneno yote ninayo kichwani. Nayafanyia mazoezi bafuni.

Jumatano, 9 Julai

Mama Trésor amepita kwetu, hapa komini Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi. Ni mama wa bwana harusi, Trésor. Siku ile ya kwanza waliyokuja kujitambulisha aliuliza ukoo wetu. Akasikia Mbuzi. Akapiga kigelegele, maana yeye ni wa ukoo wa Chui. Banungwe! Watani tangu enzi za mababu. Chui na Mbuzi wanatukanana mchana kweupe, wananyang'anyana vitu, hata kwenye matanga, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Leo amenivua kitambaa changu cha kichwa, kile cha manjano, akaondoka nacho. "Mbuzi haivaake kitambaa," anasema. Nimemjibu kwamba meno yake yameisha kwa kutafuna watoto wa watu. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Nampenda huyu mama.

Mumewe, Papa Kalenga, sijaongea naye sana. Mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni hadi alipostaafu. Hacheki ovyo. Odette ameniomba nisimtaje redioni mpaka mahari ipokelewe. Nimekubali.

Ijumaa, 11 Julai

Kipengele cha Ndoa ya Wiki. Maharusi niliokuwa nimewapanga hawakutuma habari zao. Muda upo, maneno hakuna. Nikaona, ah, si nina ndoa nyumbani?

Nikaanza. Papa Kalenga wa Kampemba, chui mzee asiye na meno, anakuja kutuchukulia mbuzi wetu. Ukimwona anabisha hodi kwa jirani, ujue anaazima suti. Na soksi. Alizoea kupanda treni bila tiketi, na kwetu anataka kupanda hivyo hivyo. Papa Bila Tiketi!

Didier aliinama juu ya mitambo kwa kicheko. Simu zikaanza kuingia. Watu wanacheka, wanataka nirudie. Nikarudia. Nilijisikia mtamu, kweli. Mkurugenzi akaja mpaka mlangoni kuniinulia kidole gumba.

Odette hajabipu. Labda umeme umekatika.

Ijumaa, baadaye

Haukukatika.

Nimemkuta amekaa mbele ya cherehani, redio imezimwa. Hakupiga kelele. Bora angepiga. "Yaya, nilikuomba kitu moya tu." Basi. Akarudi kwenye pindo lake.

Nikamwambia ni utani, wale ni banungwe wetu, atacheka na yeye. Hakuniangalia.

Jumapili, 13 Julai

Trésor amekuja bila kukaa. Amekataa hata maji. Baba yake hali chakula tangu juzi. Leo kanisani vijana wa kwaya walianza kucheka alipopita kwenda komunyo. Hapo sokoni waendesha pikipiki wanamwita: Papa Bila Tiketi, panda, leo bure! Mahari haitaletwa Jumamosi. Lini, hajui. Kama italetwa, hajui.

Nimekimbia kwa Mjomba Mwape, kaka yake mama, ndiye anayepokea mahari ya Odette. Nilidhani atanitetea. Akaniuliza swali moja: Chui ni nani katika nyumba ile? Nikajibu, ni wao. Akasema hapana. Chui ni mama peke yake. Sisi tunafuata ukoo wa mama, ndiyo sababu nimemtazama Mama Trésor nikaona nyumba nzima. Lakini wale wa kaskazini wanafuata baba. Papa Kalenga hana utani na sisi. Hata Trésor hana. Kwake yeye mimi si munungwe. Ni dada wa bibi harusi aliyemwita mwizi mbele ya mji mzima.

Jambo hili linajulikana na kila mtu hapa Lubumbashi. Watoto wanalijua. Na mimi nililijua! Sikufikiri tu. Nilitaka watu wacheke.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba msamaha hewani. Kosa juu ya kosa.

Nilisema kwa sauti ya upole, bila muziki: Papa Kalenga, nilikosa, wewe si mtani wangu, nakuomba radhi. Watu wakadhani ni mwendelezo. Wa kwanza kupiga simu alicheka mpaka akakohoa. Wa pili anauliza kama mzee ameshapata soksi. Wa tatu amemtungia wimbo! Nikasema jamani, leo sitanii. Wakacheka zaidi. Miaka yote nimewazoesha kwamba Yaya Solange hasemi kitu cha kweli. Nani wa kulaumiwa?

Mkurugenzi anataka Papa Bila Tiketi kiwe kipengele cha kila Ijumaa. Nimetoka nje nikalia kando ya jenereta, pale pasiposikika.

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma habari za wasanii kama mtu anayesoma majina ya dawa. Shauri: kijana anauliza afanye nini, amemkosea mtu na mtu hataki kumsikiliza. Nikamwashiria Didier aweke muziki.

Nyumbani Odette ananisalimia kwa heshima. Heshima hiyo inaniumiza. Ananiwekea bukari, ugali wetu, anafunika sahani vizuri, anaenda kulala. Redio ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka juu ya kabati.

Jumamosi, 19 Julai

Leo ndiyo ingekuwa siku. Viti tulivyokodi tumevirudisha. Jirani aliyekuja na sufuria yake kubwa kusaidia kupika, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba imeahirishwa. Odette ndiye aliyetoka kumweleza. Mimi nilijificha nyuma ya mlango kama mwoga. Ni mwoga.

Mjomba Mwape amepita jioni. Amesema redio imeharibu, redio haitatengeneza. Kosa la nyumba linalipiwa nyumbani, kwa miguu yako, na mbuzi. Mbuzi! Hata yeye hakucheka.

Alhamisi, 24 Julai

Nimetoka Kampemba sasa hivi. Niandike kabla sijasahau.

Mama Trésor alinipokea barabarani. Ndiye aliyekubali kuniombea nafasi. Hakunitania hata kidogo, na hapo nilielewa uzito wa jambo. Mjomba alikuwa anamvuta yule mbuzi, mimi nyuma yake, kitenge kimefungwa vizuri, kichwa chini. Watoto wa mtaa wakatufuata. Mmoja akaita lile jina. Nilitamani ardhi inimeze.

Papa Kalenga alitoka amevaa koti lake la zamani la reli. Amelipiga pasi. Mkononi ana ile koleo ya kutobolea tiketi, kumbe bado anaitunza. Nilipiga magoti, nikasema maneno yangu. Yalikuwa machache. Mimi, niliyezoea kuongea asubuhi nzima bila kumeza mate.

Aliigeuza ile koleo mkononi. Kisha:

"Mama, miye nilishusha ndugu yangu, mutoto wa mama yangu, ku treni, pa Kamina, na mvua ilikuwa inanyesha. Sababu hakukuwa na tiketi. Alikufa bila kunisalimia tena. Na leo batoto ba mu njia banaita miye Bila Tiketi."

Hakupandisha sauti. Mama Trésor alikuwa anafuta macho kwa kitambaa changu cha manjano.

Nilisema, papa, unisamehe.

Akamtazama mbuzi. Akamwambia mtu amfunge nyuma ya nyumba. Nikajua amepokea, nikashukuru Mungu. Lakini alikuwa hajamaliza. "Odette iko mutoto muzuri. Ule hana kosa, nitamupokea. Lakini siku ya mahari, sauti yako weye sitaki kuisikia."

Mjomba akasema, tumesikia. Mimi nikainamisha kichwa.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwambia mkurugenzi kipengele kile hakitakuwapo. Amenuna. Anune tu.

Nimemweleza Odette yote, pamoja na sharti. Alikuwa anakata uzi kwa meno. Akaniuliza: sasa nani atanitoa? Nikasema binamu yetu Fifi. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumamosi, 2 Agosti

Wameleta mahari.

Nimekaa jikoni tangu asubuhi. Nimesonga bukari kwa ajili ya watu wote wale, moshi ukawa kisingizio kizuri. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta. Fifi aliwapitisha wasichana haraka haraka, sauti haitoki, anasahau. "Ni huyu?" Wageni kimya. Hakumwambia bwana harusi alipie kwanza kitambaa cha kufuta jasho. Hakuuliza kama macho yake yanaona vizuri. Nilikuwa nasema yote hayo mdomo umefungwa, mwiko mkononi. Odette alipofunuliwa watu walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Sauti ni sauti.

Baadaye Mama Trésor aliingia jikoni, kitambaa changu kichwani. "Mbuzi, leo umemeza ulimi?" Alikuwa anataka kunifurahisha, najua. Kwa kawaida majibu yanapigana yatoke. Nilimpa sahani ya nyama, nikatabasamu kidogo. Akanishika bega, akatoka.

Odette hakuja jikoni. Alikuwa na wageni. Hata hivyo nilikuwa naangalia mlango.

Jumapili, 17 Agosti

Jana wamefunga ndoa, misa ya asubuhi. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Papa Kalenga alinipa mkono wakati wa kutakiana amani. Mkono mkavu, wa haraka. Nimeshukuru hata huo.

Leo wamepanda basi la Kolwezi, Trésor ana kazi mgodini huko. Odette alinikumbatia vizuri. Alikuwa mwema. Kabla ya kupanda akasema: "Yaya, kesho usitutaje ku redio." Nikamwapia. Akanitazama, nikaona anakumbuka mara ya kwanza nilivyokubali.

Jumatatu, 18 Agosti

Vumbi. Baridi imeanza kupungua.

Habari za wasanii: yule mwimbaji ameachana tena na mchumba. Je, Wajua: mamba hawezi kutoa ulimi wake nje. Didier alinitazama haraka kupitia kioo, kisha akajifanya anapangusa mitambo. Shauri: hakuna aliyepiga, nikaweka muziki.

Ndoa ya Wiki. Siku hizi inasomwa Jumatatu. Nilikuwa nayo moja, nzuri kuliko zote nilizowahi kutangaza. Nikasema wiki hii hatuna.

Nilipotoka nilishika simu mkononi, nikasimama pale ninaposimama kila siku. Nikasubiri. Halafu nikakumbuka kwamba mawimbi yetu hayafiki Kolwezi. Hawezi kujua kama nimenyamaza.

Nyumbani cherehani haipo, ameondoka nayo. Redio ameiacha juu ya kabati, bado imo ndani ya mfuko.