Nilimtungia Binti Yangu Mtihani wa Imani

Mpendwa mshauri,

Kosa la watu wengi wanaokuandikia ni kuanza na ubaya wa mke, mume au mawifi, na mimi barua yangu ya kwanza niliianza hivyo hivyo nikaichana, kwa hiyo leo naomba msaada nikianza na mhusika mkuu, yaani mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu mwenye wajukuu, mwenye kiti chake sebuleni ambacho hakikaliwi na mwingine, na mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea.

Mwenzangu mmoja wa kanisani aliniazima kitabu cha kutetea imani ya Kikristo, bila shaka umeviona vitabu vya namna hiyo, vinauzwa sana, jalada linang'aa na alama ya kuuliza kubwa katikati, ndani mwandishi anachukua pingamizi za wasioamini moja baada ya nyingine na kuzijibu, Mungu yupo au hayupo, Biblia inaaminika au haiaminiki, kama Mungu ni mwema kwa nini watu wanaumia, na kadhalika, na mshauri, nisikufiche, kitabu kile kilinipagawisha. Naomba nieleze kwa nini, maana nisipoeleza sitalala. Miaka yangu yote darasani nilikuwa nawanyima watoto alama kwa sababu hawakuonyesha njia, mtoto anaandika jibu sahihi kabisa, namwambia njia iko wapi, umeliota, umelinakili? Sasa nikiwa kwenye kiti changu na kitabu mapajani nikagundua kwamba katika imani yangu mwenyewe nilikuwa nimeandika jibu tu, nililipata kwa mama yangu nikalitunza vizuri, lakini njia sikuwahi kuionyesha kwa mtu. Na huyu bwana alikuwa ameionyesha yote, hatua kwa hatua! Nilifurahi kama mtoto aliyepewa majibu ya mwisho wa kitabu.

Basi nikanunua nakala za kutosha nikagawa nyumbani, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa, maana nilitegemea watu wanne wasome kitabu kimoja na kuniletea jibu moja, kama ilivyo kwa hesabu. Mke wangu alisoma mwanzo na mwisho, akakiweka juu ya kabati, nikamuuliza, "Umekionaje?" Akasema, "Kizuri. Ila huyu bwana hapumui. Anapenda kushinda kama wewe." Dada yangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu na ambaye hajakosa kwaya tangu ujana wake, alikirudisha sura ya ushahidi ikiwa imekunjwa pembe, akasema, "Kaka, mashahidi wote wa upande mmoja? Hakimu wangu angeahirisha kesi hii kabla ya chai." Nikamwambia, "Kwa hiyo huamini?" Akasema, "Naamini sana, nani amesema habari ya kuamini? Nasema kesi imeandaliwa vibaya."

Mkwe wangu, fundi magari, yeye kimemwingia mpaka kwenye mifupa. Zamani alikuwa mtu wa kimya, akienda kanisani ni kwa kusindikiza familia, sasa mteja akiingiza gari gereji anaulizwa kwanza, "Mzee, hebu niambie, gari hili lilijiunda lenyewe?" Juzi nilikuwapo, mteja akajibu, "Fundi, mimi nataka breki." Mkwe wangu akamwambia, "Breki tutafika, tuanze na aliyezibuni." Yule mteja akanigeukia mimi kuomba msaada na mimi, mshauri, badala ya kumwonea huruma nilivimba kwa fahari.

Na binti yangu wa kwanza, mke wa huyo fundi, ni muuguzi katika wodi ya watoto. Alichukua nakala yake, akanishukuru, akasema atasoma akipata nafasi. Niseme pia kwamba kwa muda alikuwa amepunguza kwenda kanisani, mama yake alisema ni zamu, mimi nikasema ni zamu gani hizo zinazoangukia Jumapili tu, na kusema kweli nakala zote nilizonunua, zile nyingine zilikuwa za kusindikiza, niliyekuwa nikimlenga ni yeye.

Sasa ndipo nikafanya jambo ambalo nadhani halijawahi kufanywa na mzazi mwingine mwenye akili zake. Niliona kwamba maoni ya juu juu hayatoshi, kila mtu anasema kizuri, kibaya, hapumui, huwezi kujua nani amesoma na nani amepekua, kwa hiyo nikatunga mtihani. Ndiyo, mtihani. Maswali matano, jibu yote, alama mwishoni mwa kila swali. Wakaja Jumapili kwa chakula cha mchana wakidhani wameitwa kula, na meza ilipofutwa nikagawa karatasi. Walicheka. Mimi sikucheka, kwa hiyo nao wakaacha. Nikawapanga mbalimbali wasitazamiane, mke wangu nikamweka peke yake dirishani kwa sababu namjua, huchungulia, na dada yangu nikamnyang'anya kalamu mara moja kwa kumwambia mkwe wangu jibu la swali la pili kwa kutumia macho.

Nikasahihisha palepale, wao wakinywa chai, kwa wino mwekundu. Nikasoma matokeo kwa sauti kuanzia juu kama tulivyokuwa tukifanya shuleni. Mkwe wangu alikuwa wa kwanza, akainuka akainama kama mtu anayepokea kombe, tukapiga makofi. Binti yangu alikuwa wa mwisho. Swali la nne lilisema, "Mwandishi anatoa sababu zipi za kuwapo kwa maumivu duniani? Taja na ufafanue." Binti yangu hakutaja sababu hata moja, na zipo, zimepangwa vizuri, hata mtoto angezikariri. Aliandika hivi: "Baba, ukurasa huu wewe uliusoma kwenye kiti chako. Mimi niliusoma wodini, wakati wa mapumziko, mbele yangu kitanda kimetandikwa upya na mtoto aliyekuwa akikilalia hayupo tena. Nilizisoma sababu zote. Sikuona ya kumpelekea mama yake pale nje kwenye benchi."

Nami nikaandika pembeni, kwa mkono wangu huu, "Umetoka nje ya swali," nikampa sifuri, na hilo nalo nikalisoma kwa sauti.

Hakukasirika, mshauri, angekasirika ningejua la kufanya, maana nimezoea wanafunzi wenye hasira. Aliweka kikombe mezani, akachukua mkoba wake, akaniambia, "Asante, Mwalimu." Hakusema Baba. Na tangu siku ile ni hivyo, akipiga simu anaongea na mama yake, nikipokea mimi anasema, "Shikamoo Mwalimu, mama yupo?" Mkwe wangu anakuja peke yake na watoto, ananiangalia kama mtu aliyepewa kombe akagundua ni la wizi.

Sasa mwisho wa mwezi binti yangu anahamia hospitali nyingine, mbali, siku nzima ya basi, na naogopa akiondoka hivi atakuwa ameondoka kweli, kwangu na kwa Mungu pia. Nimejitahidi kurekebisha. Nimepata kitabu cha pili cha mwandishi yuleyule, chote ni juu ya maumivu tu, safari hii amejibu kwa kirefu, na nimemwandikia binti yangu maelezo ya kuambatanisha, nikionyesha hoja zake zimejibiwa ukurasa gani. Mke wangu ameyasoma maelezo hayo akasema, "Ukiutuma mzigo huu, hata mimi nitaanza kukuita Mwalimu. Mimi hunisikii, muulize yule wa gazetini."

Basi nakuuliza. Nikitume au nisikitume?

Mimi,
Mwalimu wa Hesabu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mwalimu. Naanza na salamu kwa sababu umenizidi umri, na kwa sababu nitakayoyasema baada ya hapa si ya kumwambia mkubwa.

Usikitume. Maelezo yako nayo yachane, maadamu kuchana barua umeshazoea.

Nimecheka sana kwa barua yako, pale gereji nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika swali la nne nikaacha. Wewe unajua kujicheka, Mwalimu, na ni kipaji kizuri, ila angalia usikitumie kama mwavuli. Umejicheka kuhusu miwani, umejicheka kuhusu kiti, kisha ukafika pale panapouma ukanunua kitabu kingine.

Sitaki uchukie kitabu chako. Mimi mwenyewe vitabu vya namna hiyo vimewahi kunifaa. Kuna ofisi niliyofanya kazi ambako walikuwa wakinitania kila nikiinamisha kichwa kabla ya kula, na nilikuwa sina la kujibu, nabaki kutabasamu kama mgeni. Nilisoma kimoja nikapata maneno, nikajibu, wakaheshimu. Sura ya kuumbwa kwa ulimwengu niliiruka kwa sababu ilikuwa na hesabu nyingi, unisamehe. Kaka yangu nilipompa kitabu hichohicho alikisoma chote, sura ya hesabu pamoja, akanirudishia akisema kimempa maswali ambayo hakuwa nayo. Nilimkasirikia wiki nzima. Kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa nimekaa mahali safi.

Unashangaa watu wanne wamesoma kitabu kimoja na hawakuleta jibu moja. Kwani walikuwa wakiuliza swali moja? Dada yako amekaa mahakamani maisha yake yote, akiona ushahidi lazima aulize upande wa pili uko wapi, na jioni anakwenda kuimba. Mkeo hakuwa na kesi. Mkweo alikuwa kimya miaka yote kwa kuwa hakuwa na maneno, sasa ameyapata na yanammwagikia. Mwache, wateja watamfundisha, wenye breki mbovu hawana subira. Hao watatu kitabu kiliwakuta na nafasi, mmoja akakipenda, mmoja akakikosoa, mmoja akakipandisha kabatini, na hakuna aliyeumia.

Binti yako kilimkuta kazini. Unaogopa amemwacha Mungu. Mimi sijui, na wewe hujui, lakini fikiri kidogo. Mtu aliyekwisha kuachana na jambo habebi kitabu chake kwenye mkoba mpaka wodini, akakifungua katika mapumziko mafupi aliyonayo, siku kama ile. Alikuwa akitafuta kitu humo cha kumpelekea yule mama kwenye benchi. Hakukipata, akaja kwako kula chakula cha Jumapili, na ulipompa karatasi akakuambia ukweli, wewe peke yako, kwa maandishi, kwa sababu ndiyo njia uliyomwachia. Swali lako lilisema afafanue. Alifafanua, Mwalimu. Nadhani kwenye karatasi zote ulizosahihisha katika maisha yako hukupata jibu la kweli kuliko hilo, na ukalipa sifuri kwa sauti, mbele ya watu wenye vikombe mkononi.

Sasa nikuonyeshe jambo moja katika barua yako, kwa kuwa wewe ni mtu wa kuonyeshwa njia. Umenieleza mkeo alikaa wapi. Umenieleza dada yako alimpa mkweo jibu kwa macho, nani alikuwa wa kwanza, wino ulikuwa wa rangi gani, jalada la kitabu linafananaje. Yule mtoto hujaniambia kama alikuwa wa kike au wa kiume. Hujaniambia alikuwa na umri gani, aliugua nini, binti yako alimuuguza kwa muda gani. Huna tabia ya kuacha vitu nje, barua yako ni ndefu kama mwezi ambao mshahara umechelewa. Umeacha kwa sababu hujui. Na hujui kwa sababu tangu siku ile umesoma kitabu kizima cha pili juu ya maumivu, na hujamuuliza binti yako swali hata moja lisilo na alama mwishoni.

Usisubiri mwisho wa mwezi, na usimtume mama yake. Najua utataka kuanza kwa kueleza ulikuwa na nia gani ulipotunga ule mtihani, usieleze. Mwambie umekosa, kwa maneno machache kuliko unavyopenda. Akikuita Mwalimu, itikia. Akikuambia hataki kuzungumza, mwambie utapiga tena, na upige tena kweli. Akilia, usitafute ukurasa.

Mpigie binti yako leo, muulize yule mtoto alikuwa nani, kisha nyamaza mpaka amalize kukueleza.