Nani Aliyeujaza Mwani kwenye Tangi la Violet

Mama Violet,

Babu amepanda basi kwenda kununua konokono wa baharini, wale wanaokula mwani. Taa ya tangi la samaki iwashwe jioni tu. Msiongeze maji ya bomba, tumieni yale ya dumu. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi ulimfokea Violet: "Unawalisha ovyo! Tangi halijamaliza mwezi, limekuwa kijani! Jumamosi samaki wanarudi dukani." Mtoto akalia. Babu akaendelea kunywa uji kama mtu asiyehusika.

~~Mwani huo uliletwa na upepo kutoka ghuba ya Chesapeake, huko ng'ambo ya bahari, Babu aliuona ukiingia dirishani.~~

Hapana. Babu ndiye anayewalisha, mara tano kwa siku. Kila akila, wanakuja kwenye kioo wakimkodolea macho, naye hakulelewa kula mbele ya wageni bila kuwakaribisha. Jana aliwapa dagaa wa kukaanga. Yule wa manjano akashukuru kwa Kihaya safi.

Violet akitoka shule, mwombe radhi. Samaki wasirudishwe. Kopo la chakula chao mkabidhi yeye, alifiche. Babu akimbembeleza, asimpe.

Baba yako