Majina ya Wimbo wa Pamba

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Toka Kabambare mpaka Kasongo hakuna sauti inayonipita. Majogoo ya paruasi, kule kwa mapadri, yanangoja mimi nikohoe kwanza ndio yawike. Leo nimeimba mpaka mawe mengine yamepasuka yenyewe, kwa heshima.

Kazi kama kawaida. Mawe yanatoka chini ya shimo, watu wanayatwanga mu vinu vya chuma yawe unga, unga unaoshwa, zahabu inabaki. Mimi sitwangi. Mimi Deo ni mwimbishaji. Mwimbishaji hashiki muchi, na anapakuliwa bugali wa kwanza.

Hapa hakuna saa. Wimbo ndio saa. Tunaimba wimbo wa pamba, ule wa wakati wa Bulamatari, serikali ya Wabeleji, watu walipolimishwa pamba kwa fimbo na kuibeba kichwani mpaka kwenye mizani. Ndani yake kuna majina ya wale ambao hawakurudi. Kila jina, pigo moja la muchi. Majina yakiisha, michi chini, zamu nyingine inaingia.

Wimbo umetoka kwa Koko Feza, mama ya mama yangu. Kwa hiyo ni wangu. Wanaobisha waende wakatafute koko yao.

Watwangaji wanasema na mimi zamu inapita mbio. Utamu wa sauti huo.

Alhamisi, tarehe 5

Mugeni ameingia toka Bukavu. Tunamuita Ya Dezire, yaani kaka Dezire. Ametoka mu vumbi mweupe kama muhogo, lakini kamera aliifunga mu kitenge kama mutoto muchanga. Anatengeneza filme juu ya nyimbo za watu wa kazi: pamba, barabara, zahabu. Akauliza wimbo wa hapa una mwenyewe? Vidole vyote kwangu. Hata kidole cha pedeje, mukubwa mwenye shimo.

Nimeimba mbele ya kamera. Kifua mbele, macho juu. Mupenda alikuwa anatwanga nyuma yangu, nikamuambia akunje uso kidogo ili mimi nionekane muzuri zaidi. Akacheka. Mupenda ni rafiki yangu, Mulega wa Shabunda, alikuja huku kufuata zahabu. Tunalala mu nyumba moja. Pikipiki nilimufundisha mimi. Bugali wa kwanza ninaopewa, nusu inakwenda kwake.

Ya Dezire akauliza wale wa mu majina ni nani. Nikamujibu: watu wa zamani. Akauliza gani. Nikamujibu: wengi.

Mutu wa maswali huyo.

Jumamosi, tarehe 7

Ya Dezire amesikiliza kazi yake tena na vyombo vya masikio. Anasema katikati majina hayasikiki, kunasikika tu eyee, eyee. Nikamuambia ni upepo. Akatazama miti. Haikuwa inatikisika.

Anataka kumuona Koko. Nimesema aende, Koko anapenda wageni kuliko wajukuu. Mimi sina nafasi, pedeje ananituma Kasongo kuchukua michi mipya. Mupenda atamupeleka.

Jumatano, tarehe 11. Kasongo

Nimefika, mifupa yote imebadilisha nafasi. Barabara ile ni adui ya matako.

Soko yote inajua sasa kwamba mimi ni mutu wa filme. Musichana mumoja wa vitenge aliuliza kama nitakufa mu filme. Nikamuambia mimi sifi, mimi ndiye wa kubaki mwisho. Nimenunua shimizi nyeupe, shati ya kuvaa siku filme itaonyeshwa.

Jumatatu, tarehe 16

Nimerudi. Ya Dezire ameshaondoka. Wamenisalimia vizuri, lakini si kama nyota.

Mupenda hakai tena nyumbani. Kila magaribi anakwenda kwa Koko. Nikauliza anafuata nini kule. Anasema anamuchotea maji na kumutengenezea paa. Nikamuambia vizuri, na mimi utaninyoosha mugongo lini? Hakucheka.

Ijumaa, tarehe 27

Mama Zaina, mutwangaji mukubwa wa hapa, aliniuliza leo kwa nini Mupenda anaimba peke yake akiwa anaoga mutoni. Nimesema kila chura anaimba mutoni.

Jumamosi, tarehe 19 mwezi wa saba. Kasongo

Nimekasirika. 

Filme imeonyeshwa leo mu sale ya paruasi, ukumbi wao mukubwa. Tulikuja msafara wa pikipiki toka juzi. Koko pia, amefungwa kwa kitenge mugongoni mwa Mupenda, kwa kuwa alikataa kupanda na mimi. Anasema ninaendesha kama ng'ombe ameumwa na nyuki. Nilivaa shimizi nyeupe. Nikakaa mbele kabisa.

Kwanza barabara. Halafu mashamba yenye magugu mahali pa pamba ya zamani. Halafu mimi! Kichwa changu kikubwa kama nyumba. Wasichana nyuma wakapiga kelele. Nikageuka, nikapunga mukono. Kisha mudomo wangu kule juu ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Mupenda.

Sauti nyembamba, ya puani. Anataja majina, moja, pigo, moja, pigo. Kisanga. Mbayo. Amuli. Majina yakaendelea. Mimi sijawahi kusikia wimbo ule ukiwa mrefu hivyo. Mudomo ni wangu, kifua ni changu, sauti ya mutu wa Shabunda.

 Muzee mumoja wa Nyangwe akasimama, akatoa kofia. Akasema, pole tu, kama anaongea na jirani:

"Huyo ni baba."

Halafu mama mwengine akasimama. Halafu wengine. Walisimama mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilibaki nimekaa.

Jumapili, tarehe 20. Kasongo

Asubuhi nimemukamata Mupenda karibu na pikipiki. Nimemuita mwizi. Nimemuita nyoka niliyemulisha bugali wangu. Nilitaka anipige, angalau nimupige na mimi.

"Sikuiba, Deo," akasema. "Koko alikuwa anatafuta masikio."

Mutu unalala naye nyumba moja, na hakusema hata neno. Angeweza kusema siku nilirudi. Angeweza kusema njiani. Aliniacha nivae shimizi nyeupe.

Nikamutafuta Ya Dezire. Alikuwa anakunja waya zake. Akanijibu bila kunitazama sana, kwamba uso wangu ulikuwa muzuri, aliuacha. Majina hayakuwemo, akayatafuta kwa mutu anayeyajua: Koko pumzi hazimutoshi kuimba, akamutajia Mupenda, Mupenda akaimba mimi nikiwa Kasongo. Nikasema ungeniuliza. Akasema aliniuliza.

Nikamugeukia Koko. Alikuwa anakula ndizi.

Wote watatu. Walikaa kwenye nyumba ya koko yangu, wakanitoa mu wimbo wangu.

Alhamisi, tarehe 24

Kwenye vinu. Nimeimba kwa nguvu kuliko siku zote, niwaonyeshe. Nilipofika pale katikati, eyee, eyee, michi ikasimama. Si mumoja. Yote. Katika karie yetu, hapa kwenye mashimo, mwimbishaji hafukuzwi na mutu. Michi ikikataa kumujibu, imekwisha.

Mama Zaina akapanguza jasho.

"Mwanangu, yataje yote, ao ushike muchi."

Nikawakumbusha kwamba majina yote ni zamu ndefu. Mikono itawauma. Mimi niliwapumzisha mapema, walisahau? Mama Zaina akasema hawakusahau. Walifikiri majina ya wimbo ni yale tu niliyokuwa nataja. Yeye mwenyewe ana babu mule ndani, amemusikia Kasongo, na sasa anataka kumutwangia.

Wakamuita Mupenda. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alinitazama, mimi nikatazama mawe. Akaimba.

Nimetwanga. Muchi ule ni muzito kuliko watu wanavyosema.

Jumamosi, tarehe 26

Malengelenge. Sisemi na Mupenda. Nimehamia kwa mujomba. Bugali wa kwanza, Mupenda alinitumia nusu, kwa mukono wa mutoto wa Mama Zaina. Nimeurudisha. Halafu nilisikia njaa mpaka asubuhi.

Jumanne, tarehe 29

Zamu ya asubuhi. Upepo kidogo, wa kweli.

Nilikuwa kwenye kinu cha mwisho. Mupenda anaimba, sisi tunapiga. Bado nasema sauti yake ni ya puani. Bado nasema alinificha, na rafiki hafichi. Hilo siliachi.

Lakini kuna jina moja karibu na mwisho, Lukundula. Likifika, mikono yangu inachelewa, na Mama Zaina ananitazama.

Koko aliniita mara nyingi nikae naye, tangu nikiwa na meno ya maziwa. Nilikuwa nachukua utamu wa wimbo, nakimbia nje.

Lukundula ni baba ya Koko. Mimi nilimusikia mara ya kwanza mu sale ya paruasi, kati ya watu wageni, anatoka mu mudomo wangu.