Gurudumu Lililosema Ko

Dada yangu,

Huku sote wazima. Kikohozi cha mama kimepona na ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Mumeo alitaka pikipiki yake ikimbie, nami nikalichonga lile gurudumu zito la ndani ya injini hadi likawa jepesi. Sasa akigusa mafuta tu, inaruka kama imeumwa na nyuki! Nilijigamba mbele ya karakana nzima kwamba hakuna fundi kama mimi.

Jana nililitoa nilikague. Nikaligonga kwa spana, kama tufanyavyo. Gurudumu zima hulia ngeee, kama kengele. Hili likasema ko. Dada, ko ni ufa, na lenye ufa likizungushwa kwa kasi hupasuka. Nimelichonga kupita kiasi. Mafundi wote walikuwa wananitazama.

"Liko sawa?" shemeji akauliza.

"Liko sawa," nikasema, nikalirudisha. Kila nati niliyokaza ni kama nilijifungia mlango mwenyewe.

Sasa yuko nje, ameshawasha, ananipigia honi nimalize kuandika aje kwako na barua hii. Nimemsihi aende polepole, akacheka. Neno lenyewe halinitoki.

Mkobani, chini ya nguo za watoto, nimeweka gurudumu jingine zima, zito, lisilochongwa, alipeleke kwa fundi wa huko amfungie. Ukiisoma barua hii, basi amefika. Ficha ufunguo kwanza, ndipo umwambie.

Kisha niandikie matusi yote unayoyajua. Kila siku nitakwenda posta kuulizia kama yamefika.

Mdogo wako, fundi