Fremu Nyeusi Uliyomwekea Mama

Mpendwa mdogo wangu Wandera,

Mama amekufa.

Nimeliweka neno hilo juu, peke yake, kama ulivyonifundisha. Ulisema msomaji hasomi tangazo, analipita tu, kwa hiyo jambo kubwa likae mahali jicho litakapojikwaa. Haya, jikwae. Mama alifariki miezi mitano iliyopita kwa shinikizo la damu, tukamzika nyumbani Funyula, wewe ukiwa Juba ukichapa kadi za harusi za watu.

Ukurasa huu ulikuwa wa tangazo ulilonitumia wiki jana, lile lenye picha yake na maneno "Njoo umwone Mama mwenyewe". Nimeliondoa, nikaandika barua. Najua jarida hili la matangazo litakufikia, maana madereva wa malori hulichukua bure kule Malaba wakisubiri kuvuka, na wewe huwangoja huko uone ni duka gani limekuiga. Simu sikutaka kukupigia. Wewe huwa na jibu kabla mtu hajamaliza kusema.

Unakumbuka matangazo ya mwanzo? Kila duka dogo la Busia lilijibana kwenye robo ukurasa na kumwaga humo kila kitu: ndoo, chupa za chai, mikeka, namba tatu za simu, na mwenye duka mwenyewe ndani ya suti ya kuazima. Letu la vyombo lilikuwa hivyo hivyo. Kisha ukarudi kutoka Nairobi na ujuzi wako, ukaingia jikoni ukatoa sufuria ya Mama ya ugali, nyeusi tititi, imebonyea upande mmoja. Ukaiweka katikati ya nafasi nyeupe, na chini yake mstari mmoja tu: "Hii ni ya Mama. Bado anapikia." Wenzetu walikuwa wanaonyesha sufuria mpya zinazong'aa. Watu walikuja kutoka hata Port Victoria kuulizia ile ya Mama.

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Huyu mtoto atauza hata masizi," alisema. Nilikupenda sana siku hiyo, na nilikuonea wivu pia, kwa sababu mimi niliyeshinda dukani miaka yote sikuwahi kumchekesha hivyo.

Ungeishia hapo. Lakini sifa zilikulevya. Maduka mengine yakaanza kuacha nafasi nyeupe, moja likapiga picha jembe kuukuu, nawe ukasema lazima tuwazidi. Kurasa za ndani hazikuwa na rangi, kwa hiyo ukachukua picha ya Mama aliyopigwa kanisani, ukaikuza, ukaizungushia fremu nene nyeusi. Chini ukaandika jina lake kamili na maneno "Ametuhudumia miaka ishirini".

Mtoto wa huku kwetu Samia hafundishwi maana ya fremu hiyo. Tangu tukiwa wadogo tumeiona kwenye nguzo za stendi na kwenye milango ya makanisa. Nilipoletewa karatasi ya kukagua kabla ya kuchapwa, nilikuita uje. Nikakuuliza, "Hii si kama ya matanga?"

"Dada, wacha uoga," ulinijibu. "Hizo peji zingine zote watu wanapita tu. Hapa lazima wasimame."

Nami nikatia sahihi. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilitaka wasimame, kama wewe tu.

Walisimama kweli. Kina mama wa Mundika, wale wanaochukua vyombo kwetu kwa jumla, walishuka mbele ya duka wakilia, wamebeba unga, sukari na kuku wawili. Wakamkuta Mama amekalia kiti chake anafuta vumbi kwenye sahani.

"Woi, mama, kumbe uko? Si tumeona umetuacha!"

"Niko," Mama alisema. "Ingieni mkunywe chai. Hizo machozi zimefika, mtafanya nini sasa."

Wewe ulicheka nyuma ya kaunta. Mji mzima ulituzungumzia, na mwezi ule duka halikupumua. Hukuona kwamba Mama hakucheka. Aliacha kukaa mbele, akahamishia kiti chake kule stoo kwenye mabeseni, na mtu akitoa simu kupiga picha anaufunika uso kwa leso. Wajomba walipokuja wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima afutwe yale machozi, uchinje mbuzi na uombe radhi mbele ya watu, uliwatazama kama watu wa kale. "Mimi siwezi omba msamaha juu ya fremu," ulisema. Mama alikuwa ameketi pale pale, anakusikia. Kesho yake ukavuka mpaka. Kwaheri yenyewe alipewa kwa kupitia kwangu.

Sasa nikwambie mazishi yake yalivyokuwa. Nilibandika tangazo la kifo kwenye nguzo ya stendi, picha ile ile ya kanisani, kwa sababu baada ya ile yako hakukubali kupigwa nyingine. Watu walipita. Wengine walitabasamu. Mwanamke mmoja alinishika bega akaniambia, "Nyinyi watu mnajua biashara." Kina mama wa Mundika walisema hawalizwi mara mbili, wakaja wiki moja baadaye, wakakuta udongo, na walivyolia siku hiyo sitaki kukueleza. Mama aliyeuzia nusu ya Busia vyombo alizikwa na watu wachache kuliko wanaokwenda kuona ng'ombe aliyegongwa barabarani.

Wajomba walikuwa wamekataa kukuzungumzia, kwa hiyo kukuarifu ilikuwa kazi yangu. Niliandika neno lile kwenye simu nikalifuta, nikaandika nikalifuta. Mwishowe nikapiga picha karatasi ya pale kwenye nguzo nikakutumia bila maelezo. Nilipiga kwa haraka, maandishi hayakusomeka. Kilichoonekana ni uso wa Mama na fremu.

Tulikuwa bado hatujamzika. Ungeweza kupanda gari ukafika. Jibu lako likaja: "Kazi safi dada. Fremu imekaa poa. Ila maneno ni mengi, punguza."

Nilikaa na simu mkononi, jeneza likiwa sebuleni. Wewe ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, wa kutupa udongo wa kwanza, na unanihesabia maneno. Kisha ukauliza: "Mama ameionaje?"

Hapo ningekwambia. Kidole kilikuwa tayari. Lakini nilikumbuka yale mabeseni ya stoo aliyokuwa amejificha nyuma yake, na kicheko chako, nikaandika: "Ameipenda."

Nilitaka udongo utupwe bila wewe, na siku utakapojua, ujue pia kwamba uliuliza na ukajibiwa. Miezi mitano umekuwa ukiniambia nimsalimie, nami nakujibu amesikia.

Basi sasa unajua.

Dada yako,
uliyemwachia Mama na duka