Kwa Shangazi, Uliyekubali Kushindwa ili Watu Wakazike

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, wala hutaongeza lile lako la "Marahaba Baba, umekula?" Uliniita Baba kwa sababu nilipewa jina la babu, baba yako mzazi. Mbele za watu ulikuwa ukipiga goti kidogo kunisalimia, mimi kijana wa kidato cha nne niliyekubebea mkoba, hadi wageni wakawa hawajui nani mheshimiwa na nani katibu.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo. Jumapili tulipotoka kanisani, wajumbe watatu wa kata yetu walinifuata nyumbani. Wanataka nichukue fomu ya udiwani. Niliwaomba muda wa kufikiri, na kesho jioni wanarudi kuchukua jibu. Mke wangu Rehema anasema uamuzi ni wangu, halafu anaongeza, "Ila shangazi yako angekuwepo ungemuuliza." Basi nakuuliza. Na kwa kuwa wengi waliokupigia kura, na wengi waliokunyima, bado wapo hapa Tunduma na kwenye vijiji vya huku, naiacha barua hii wazi waisome na wao.

Unajua tabia yangu ya kuandika shajara kila jioni, tarehe juu, mambo ya siku chini. Ulinitania sana. "Baba, leo umeandika nimepiga chafya mara ngapi?" Wiki hii nimezirudia zile za miaka yetu ya kazi. Nilidhani nitasoma habari za ushindi. Nimejikuta nasoma zaidi habari za siku ulizokataliwa.

Ya kwanza ni siku ya zile kura za maoni za chama za mwanzo kabisa, ulipotia nia ya ubunge ukitokea kwenye udiwani wa viti maalumu. Wajumbe walikuja kwako siku nzima, wakala ugali na nyama ya mbuzi, wakakusifu mpaka jirani akaanza kukuita Mheshimiwa Mbunge. Ukumbini ukapata kura za kuhesabu kwa vidole. Mjumbe mmoja alikufuata mlangoni akakuambia kwa huzuni ya kweli, "Mama Neema, chakula kilikuwa kitamu, Mungu shahidi. Lakini jimbo hili na mwanamke, bado kidogo."

Ukamjibu, "Sawa baba. Na mbuzi naye bado kidogo. Safari ijayo utakula mchicha."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Miaka mitano baadaye yeye ndiye aliyesimama wa kwanza kukupigia debe, tena akidai hadharani kwamba mchicha wako ni mtamu kuliko ile nyama.

Uliposhinda, nilitegemea tuanze ziara ya shukrani pale Tunduma mjini, kwenye kura nyingi, muziki na pikipiki zikipiga honi. Wewe ukaniuliza, "Wapi tumepata kura chache kuliko kote?" Nikakutajia kituo kimoja kule bondeni ulikopata kura mbili, moja ikiwa ya wakala wetu mwenyewe. Ukasema tuanzie huko. Tulifika tukakuta watu wametuna, wanajua tumekuja kuwasema. Wewe ukainamisha mwili, ukapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, kama wanavyosalimia wakubwa huku kwetu, ukasema, "Nimekuja kumshukuru huyo mmoja. Na ninyi wengine nimekuja kuwauliza nimewakosea nini." Tulikaa mpaka mchana umepita. Walikuwa na orodha ndefu, na uliisikiliza yote ukiwa umekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama. Tangu hapo ukawa utaratibu wetu, kila baada ya uchaguzi kuanza na waliotukataa. Mimi sikuupenda. Utaratibu huo ulikula mafuta mengi ya gari na maneno mengi ya watu.

Bungeni, mchango wako wa kwanza ulihusu vyoo. Malori yalikuwa yanapanga foleni ya kuvuka mpaka kwa siku kadhaa, madereva na matingo wao hawana pa kujisaidia isipokuwa nyuma ya nyumba za watu. Ukasimama ukayasema hayo kwa majina yake. Wenzako wakaangua kicheko. Ukasubiri wamalize, ukasema, "Chekeni. Ninyi mnakaa mbali na harufu." Hapa mjini wakakupachika jina la Mheshimiwa Choo. Nilikasirika, nikataka kumjibu mtu mmoja redioni. Ukanizuia: "Waache. Afadhali Mheshimiwa Choo kuliko Mheshimiwa Kimya." Vyoo vilijengwa. Wanawake wa Nakonde, upande wa Zambia, wanaovuka kuja kununua mchele bado wanakukumbuka kwa hilo. Kila nikipita sokoni kuna mmoja ananiuliza habari za "bamayo", mama, kwa ile heshima yao ya Kibemba, na inabidi nimwambie tena kwamba umefariki.

Siyo kwamba ulifanikiwa yote. Ile barabara ya milimani uliyoahidi wakulima wa kahawa haikuisha katika vipindi vyako viwili. Ulikwenda ukasimama pale lami ilipokomea ukawaambia, "Niliahidi, sijamaliza, na sina mtu wa kumsingizia." Nani husema hivyo mwaka wa uchaguzi?

Sasa nifike kwenye uchaguzi wa tatu, kwa sababu ndio ninaouzunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Tulijua utakuwa mgumu. Mpinzani wako alikuwa kijana, ana maneno, na mjini alikuzidi. Hesabu yetu yote iliegemea kile kijiji cha mpakani, ambacho ukitoka uani kwao unakanyaga Zambia. Kule walikuwa wako wote, tangu ulipowapelekea maji ya bomba. Siku mbili kabla ya kura, balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Simoni, alikuja kwa bodaboda, fulana ya kampeni bado iko mwilini. Ulikuwa uani unachambua maharage, mimi nikipanga barua za mawakala.

"Mheshimiwa, tuna msiba," alisema. "Dada yetu mkubwa amefariki ng'ambo ya mpaka. Yule aliyelea nusu ya kijiji."

Ukaweka ungo chini. "Pole sana, baba. Mnazika lini?"

Akaitazama fulana yake. "Siku ya kura."

Nilijua desturi. Wanawake wangevuka siku moja kabla wakapike na kulala matangani, wanaume wangekuwa kaburini na majembe tangu jua halijachomoza. Hakuna ambaye angerudi kabla ya vituo kufungwa.

Balozi akaendelea, "Ila wenzetu wa kule wamesema, wewe ukiwapigia simu wakakusikia kwa sauti yako, watasogeza kwa siku moja. Wanakuheshimu."

"Wasogeze!" nilidakia. "Shangazi, ni siku moja tu. Wapigie sasa hivi, salio lipo."

Ukaniangalia. "Marehemu yuko wapi, Baba?"

Sikujua. Balozi akajibu kwamba yuko nyumbani, hospitali ni mbali, hakuna mochwari.

"Na joto hili la Oktoba," ulisema. "Nani atakaa naye hiyo siku moja tu? Utakwenda wewe ukampepee?"

"Shangazi, hatukatai wazike, tunasema tu..."

"Mtu aliyekufa asinisubiri mimi niwe mbunge."

Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile ile ya kuniambia nifunge geti. Balozi alivua kofia. "Mheshimiwa, utaanguka. Kijiji kizima kitakuwa kule. Utaanguka."

"Nikianguka nitainuka. Huyo mliyenaye kule hainuki. Nendeni mkazike, na asibaki mtu nyuma kwa kunionea haya. Umenisikia, balozi? Nisije kusikia umembakiza mtu."

Kisha ukaniambia nimpe gunia moja la mahindi kutoka stoo apeleke msibani. Nililibeba mwenyewe hadi kwenye pikipiki, na nakumbuka nilikuwa nalisukuma kama vile gunia ndilo lenye makosa.

Siku ya kura wakala wetu wa kule kijijini alinipigia simu saa nne. "Kaka, huku hata foleni hakuna. Karani anasinzia. Amepita mbuzi mmoja tu, naye hana kitambulisho." Alikuwa anajaribu kunichekesha. Sikucheka.

Matokeo yalitangazwa kesho yake mchana pale halmashauri. Ulishindwa, na pengo lilikuwa dogo kuliko watu waliovuka kwenda kuzika. Kila mtu mle ukumbini mwenye kujua jimbo alilijua hilo. Msimamizi alipomaliza kusoma, vijana wetu waliokuwa nje walianza kupiga kelele na wengine wakataka kuteremka barabarani kufunga njia ya malori. Ulisaini fomu ya matokeo, ukatoka, ukawaambia warudi nyumbani kabla mama zao hawajaanza kuwatafuta. Halafu ukamfuata aliyekushinda, ukampa mkono. "Hongera mwanangu. Umenipiga vizuri. Ile barabara ya milimani makaratasi yake yako kwa mhandisi wa wilaya, kesho nitakupeleka. Usiiache ilale."

Yule kijana aliitikia tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama."

Kwenye gari nilivumilia mpaka tukapita mizani ya malori, kisha nikasema nilichokuwa nacho. "Shangazi, mazishi yametunyang'anya jimbo. Kazi yangu imekwisha, yako imekwisha. Kwa simu moja."

Ukanijibu, "Kata kushoto."

"Nyumbani ni moja kwa moja."

"Kata kushoto, twende tukatoe pole."

Tulipoingia kijijini wanawake waliokuwa wamerudi kutoka msibani waliinuka haraka, wengine wakaingia ndani. Waliobaki walitazama chini. Mama mmoja alianza kulia, "Mheshimiwa tusamehe, tumekuua, tumekuua kwa mikono yetu." Wewe ukaketi chini kati yao, miguu umenyoosha, viatu umevua, ukasema, "Nimekuja kutoa pole. Sijaja kudai kura. Hebu niambieni, alikuwaje huyo dada?"

Wakaanza kusimulia. Kwanza kwa woga, kisha kwa kuingiliana, kisha kwa kicheko, jinsi alivyokuwa mkali kwa wachumba wa wadogo zake, jinsi alivyowahi kumfukuza mmoja kwa mwiko. Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa khanga. Mimi nilisimama pembeni ya gari, hasira imenijaa, na kadiri ulivyocheka ndivyo nilivyoona kwamba huigizi. Hukuwa unapoza wapiga kura wa kesho. Hukuwa na kesho ya kugombea, na uchaguzi uliofuata walipokuja kukuomba ulikataa, ukasema magoti yanauma. Ulikuwa umekuja msibani, basi.

Asante kwa siku ile. Wakati ule sikuwa na asante ya kukupa. Asante pia kwa miaka ya baadaye, uliponifundisha kuishi bila ofisi. Watu walipokuita Mheshimiwa njiani uliwajibu, "Mheshimiwa yuko Dodoma, huku kuna Mama Neema na jembe lake." Ulinigawia kipande cha shamba la kahawa kule Mbozi, kwa wazazi wako, ukanisimamia nikikatia matawi hadi nikajua lipi la kuacha. Asante kwa kuwa hukuniambia hata mara moja kwamba ulikuwa sahihi, kwa sababu nadhani hata wewe hukuwa na uhakika. Mara moja tu, tukichuma, ulisema kama unajiongelesha, "Ile barabara ningeimalizia." Ukaendelea kuchuma. Kwa hiyo najua iliuma. Najua hukulitoa jimbo kama mtu anayetoa kitu kisichokuwa na thamani kwake.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Kushindwa hakunitishi sana, Rehema amezoea kuniona nikishindwa mambo. Ninachoogopa ni kuutaka udiwani kiasi kwamba siku moja balozi akija na habari ya msiba nitahesabu kura kabla ya kusema pole. Ile siku nilihesabu kwanza. Wewe uliuliza kwanza marehemu yuko wapi.

Nilikuwa nimefika hapa jana nikaiacha kalamu. Leo jioni wamekuja, wajumbe wote watatu, wakakaa sebuleni, Rehema akawapa chai. Mkubwa wao akaniuliza, "Haya, tupeleke jibu gani?"

Nikawaambia nitachukua fomu. Wakafurahi. Nikawaambia nina sharti: "Mkiniona nimemzuia mtu asiende kwa wagonjwa wake au kwenye msiba wake ili abaki anipigie kura, mninyime, nanyi muwe wa kwanza."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Ndugu yangu, umeanza kampeni kabla ya muda. Tutakushtaki." Tukacheka wote. Ila mkubwa wao hakucheka sana. Aliweka kikombe chini akasema, "Tumekusikia. Tutakunyima."

Sijawahi kuahidiwa kitu na mjumbe nikakiamini namna ile.

Lala salama, Shangazi. Asante kwa yote.

Wako, mtoto wa kaka yako,
uliyemwita Baba.